WAHOME MUTAHI, MTU ALIYEWACHEKA WAKUBWA

Naandika kutoka huku kwetu Embu, upande wa mlima ambapo mashamba ya chai yanapakana na ya kahawa.  Vidole vinaniuma kwa sababu hii ni mara ya tatu kuandika makala haya. Ya kwanza na ya pili nilizichana mwenyewe. Sababu nitaieleza huko mbele, usiwe na haraka.

Mwalimu mlezi wa chama alipotugawia kazi, alitutaka sisi wa kidato cha tatu tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa kitambo. Wenzangu walikimbilia majina makubwa. Mmoja alimnyakua Shaaban Robert, mwingine Mekatilili wa Menza, na wavulana watatu wakamgombania Dedan Kimathi nusura wararuane mashati. Mimi nilipotaja Wahome Mutahi, mwalimu alicheka kwanza, halafu akakunja uso. Alinikumbusha kwamba mtu huyo aliandika kwa Kiingereza na hiki ni chama cha Kiswahili. Kisha akaniambia niwe mwangalifu. Hakusema niwe mwangalifu na nini.

Hoja ya Kiingereza nilikuwa na jibu lake. Kimathi naye hatumkumbuki kwa insha zake za Kiswahili. Hiyo ya pili sikuwa na jibu.

Nilimfahamu Wahome Mutahi kupitia kwa Guka, babu yangu mzaa baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Guka ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mna risiti za kiwanda cha kahawa, cheti cha ubatizo, kadi ya zamani ya KANU ambayo anasema aliinunua kama mtu anunuavyo dawa, na madaftari manne ya mazoezi. Katika madaftari hayo amebandika kwa uji wa unga vipande vya gazeti la Jumapili. Kila kipande kina kichwa kimoja, Whispers, maana yake minong'ono. Miaka mingi Guka alinunua gazeti hilo baada ya misa, akalisoma kuanzia ukurasa huo, akacheka peke yake hadi Cucu akahofia afya yake.

Nilianza kuyasoma wakati wa likizo ya Agosti, nikiwa nimetumwa kuanika kahawa. Kahawa iliungua na jua upande mmoja.

Sasa tuingie kwenye maisha yenyewe. Wahome Mutahi alizaliwa mwaka 1954 Nyeri, upande wa pili wa mlima huu wetu. Ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari, wakati Mwingereza alipowakusanya watu wa huko katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miba. Alikulia miongoni mwa Wakatoliki, na hilo linaonekana wazi katika kila alichoandika, maana mapadri, rozari na moto wa jehanamu havikosekani. Baadaye akawa mwandishi wa habari Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanza safu yake ya Whispers, kwanza katika gazeti la Standard, kisha katika Sunday Nation. Safu hiyo aliiandika kwa takriban miaka ishirini, ukitoa kipindi kimoja ambacho nitakifikia. Watu walimzoea hata wakasahau jina lake. Barabarani aliitwa Whispers tu.

Hebu nikueleze safu ilivyokuwa, kwa sababu siwezi kukunakilia hapa na hata ningeweza ingepoteza utamu. Mwandishi alijiweka mwenyewe katikati. Whispers ni mzee wa nyumba anayejiita mwana wa udongo, mpenda bia, mwoga, mwongo kidogo, ambaye kila Jumapili anatangaza kuwa yeye ndiye mtawala wa nyumba yake. Lakini mkewe amempa jina la Thatcher, kama yule mama wa chuma aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1979 hadi 1990, na jina hilo linatosha kukueleza ni nani anayetawala. Binti yake anaitwa Pajero, jina la gari ambalo wakubwa wa wakati ule walilipenda kama maisha yao. Mwanawe wa kiume ni jambazi wa nyumbani. Kijijini kuna mama yake, Appepklonia, ambaye hawezi kupita siku bila kusali, kuna Padri Camisassius, Mzungu wa misheni, na kuna Mwalimu Damiano na fimbo yake.

Guka anaapa kwamba Damiano ni yeye. Nimemweleza kwamba hawakukutana hata siku moja na Mutahi. Anasema haidhuru, fimbo ni ileile.

Huyu Pajero naomba nisimame kidogo. Baba yake humwita pia kitega uchumi, kwa sababu siku moja atamletea mahari. Wavulana wa darasa letu walipolisikia hilo walicheka wakapiga meza. Mimi sikucheka. Nilimwendea Guka kulalamika kwamba mwandishi wake alidharau sisi wasichana. Guka aliniambia nisome tena nitazame anayechekwa ni nani. Nikasoma tena. Kweli, Pajero anazungumza lugha za mjini ambazo baba haelewi, anaenda anakotaka, na yule mzee anabaki akihesabu mbuzi ambao hawatakuja. Hata hivyo bado naona aliutumia mzaha huo mara nyingi kupita kiasi. Mtu kuwa shujaa wako si kusema ukubali kila neno lake.

Utauliza, je, siasa iko wapi hapo? Hapo ndipo penyewe. Kumbuka ilikuwa miaka gani. Juni 1982 katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Agosti mwaka huohuo wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali wakashindwa. Septemba 1984 Rais Moi aliwataka mawaziri na wengine wote hadharani waimbe kama kasuku, wamfuate yeye neno kwa neno jinsi yeye alivyomfuata Kenyatta. Si mimi ninayetia chumvi, ni jambo lililosemwa mchana kweupe. Katika nchi ya kasuku, mtu atasemaje kwamba mtawala ni bwege? Mutahi hakumtaja mtawala wa Ikulu. Alimtaja mtawala wa nyumba moja ya kupanga Nairobi, anayetoa amri ambazo hazifuatwi, anayedai kupendwa na watu wanaomwogopa au wasiomwogopa kabisa, anayepoteza pesa za unga kwenye baa halafu anahutubia familia kuhusu kubana matumizi. Msomaji alicheka, kisha akatazama kushoto na kulia kama kuna aliyemwona akicheka. Nadhani ndiyo maana safu iliitwa minong'ono.

Wanasiasa nao walipita humo wakiwa wamevaa sura zao halisi. Mheshimiwa katika macho ya Mutahi ni mtu anayekumbuka njia ya kijijini mara moja kwa miaka mitano, ana tumbo linalotangulia kufika mkutanoni, na anaamini kwamba kelele ni hoja. Lakini hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kabisa mwandishi huyu. Hakuishia kwa mheshimiwa. Alimgeukia aliyemchagua. Katika kitabu chake kiitwacho How to be a Kenyan, kilichotoka mwaka 1996, wanaochekwa kuanzia mwanzo hadi mwisho ni sisi wananchi, tabia zetu za barabarani, baa, na ofisini, na jinsi tunavyompigia makofi mtu anayetuibia, tukisubiri zamu yetu.

Sijui kama Guka alipenda sehemu hizo. Mwaka 2022, wiki moja kabla ya uchaguzi, msafara wa magari ulipita kwenye soko letu na kila mzee akakunjiwa noti ya mia mbili mkononi. Guka aliipokea, mimi nikiona. Jioni alipiga kura ya maoni pale nyumbani na akasema atamchagua huyohuyo, kwa sababu wengine hawakumpa kitu. Nikamletea daftari la tatu nikamfungulia ukurasa fulani. Alisoma. Alicheka hadi machozi. Mia mbili hakuirudisha.

Na tusidhani mambo hayo ni ya Nairobi tu. Sisi wa Embu tumeandikwa katika historia ya ugatuzi, kwa kuwa gavana wetu wa kwanza ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza nchini kuondolewa na bunge la kaunti, mwaka 2014, kisha mahakama zikamrudisha, na 2017 akachaguliwa tena. Jirani zetu wa Meru hawakukubali kushindwa. Bunge lao la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa gavana Desemba 2022, likapiga tena 2023, likapiga tena Agosti 2024, na mara ya tatu hiyo ndipo Seneti ilipokubali. Matatu za kutoka Meru zilikuwa zikifika hapa Embu na abiria wakieleza kisa hicho kama mchezo wa redio, kila mmoja ana sehemu yake ya kuongezea. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba nilisikiliza nikatamani Whispers angekuwa ameketi kiti cha nyuma na kalamu.

Sasa ile sehemu ngumu. Katika daftari la pili la Guka, baada ya vipande vya mwaka 1986, kuna kurasa tupu. Nikadhani gundi ya uji iliisha. Kumbe kurasa hizo aliziacha makusudi.

Mwaka huo wa 1986 serikali ilikuwa ikiwasaka watu wa Mwakenya, kundi la siri lililotuhumiwa kutaka kuiangusha. Walikamatwa wahadhiri, wanafunzi wa chuo kikuu, wakulima, waandishi. Wahome Mutahi alikamatwa pamoja na ndugu yake. Walipelekwa Nyayo House, lile jengo refu la katikati ya Nairobi ambalo watu huenda kutafuta pasipoti. Binamu yangu alienda hapo kutafuta pasipoti ya kwenda Arabuni, akapiga foleni tangu alfajiri, wala hakujua kwamba chini ya miguu yake kuna vyumba. Waliowahi kufungiwa humo wameeleza vyumba vya giza visivyo na dirisha, maji yaliyomwagwa sakafuni ili mtu asiweze kulala, kipigo, na njaa. Mutahi alipitia huko, kisha akapelekwa gerezani. Kwa jumla alikaa kifungoni miezi kumi na mitano hivi.

Nilimwuliza Guka kama watu walishtuka safu ilipokoma. Alisema katika chumba cha walimu kila mtu aligundua na hakuna aliyeuliza. Jumapili ya kwanza alifungua gazeti, akalifunga. Jumatatu mwalimu mwenzake alimtazama, naye akamtazama, wakaanza kuzungumza habari za mvua. Mwaka 1988 ukafika ule uchaguzi wa mlolongo, ambapo wapiga kura walijipanga nyuma ya picha za wagombea, na sehemu nyingi mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Guka alijipanga pia. Ananiambia alihesabu watu kwa macho yake, kisha akasikia matokeo, akapiga makofi pamoja na wengine.

Mutahi alipotoka gerezani aliirudia safu yake. Ndugu msomaji, hebu fikiria hapo. Mtu ametolewa kwenye maji na giza, ana mke na watoto, angeweza kwenda kufuga ng'ombe Nyeri na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi kwenye ukurasa uleule, akawarudisha Thatcher, Pajero na Appepklonia, akaendelea kuwachekesha Wakenya kila Jumapili. Mwaka 1991 akatoa riwaya, Three Days on the Cross, kuhusu watu wanaokamatwa na polisi wa siri wa mtawala mmoja wa kutisha. Hiyo haichekeshi hata kidogo. Nilianza kuisoma usiku nikaifunga, nikaimaliza mchana. Baada yake kikafuata The Jail Bugs, kuhusu maisha ya gerezani, ambamo kunguni ni wahusika kama wafungwa.

Mwishoni mwa mwaka 1991 vyama vingi viliruhusiwa tena, na Mutahi akaongeza silaha nyingine, mchezo wa kuigiza. Yeye na wenzake wa kikundi cha Igiza walitunga michezo kwa Kikuyu na kuipeleka baa, watu wakitazama huku wanakula nyama choma. Mmoja uliitwa Mugathe Mubogothi, ambao kwa Kiswahili tungesema, kwa kukaribia, Mtukufu Anayeweweseka. Sisi Waembu jina hilo hatuhitaji kufasiriwa. Mwingine uliitwa Makaririra Kioro, yaani watalilia chooni. Aliwapelekea siasa watu wasiokanyaga ukumbi wa taifa, mahali ambapo tayari walikuwa wakinong'ona siasa hiyohiyo. Cucu anasema Guka hakuwahi kuiona kwa sababu yeye alimzuia. Guka anasema hakuwa na nauli. Sitaingilia.

Jina hilo la choo lilinichoma, na sasa ndipo nitakapokueleza kwa nini nimechana karatasi mara mbili.

Muhula wa pili, kabla ya siku ya wazazi, chama chetu kiliniomba nitunge mchezo mfupi. Mgeni wa heshima angekuwa mheshimiwa mmoja, ambaye sitamtaja. Nilitunga mchezo kuhusu kiongozi anayekuja na magari kumi na manne kufungua choo cha milango miwili. Anakata utepe, anahutubia saa mbili kuhusu maendeleo, na wakati huo wote mtoto mmoja wa darasa la kwanza amesimama nyuma ya utepe anasubiri kuingia chooni. Wenzangu walipousoma walianguka. Hakuna mwalimu aliyenikataza. Nasema tena, hakuna. Ni rafiki yangu tu aliyeniuliza kama jina langu liko kwenye orodha ya basari.

Liko. Karo yangu nusu hutoka hapo. Sisi ni watoto wanne na kahawa unajua inavyolipa.

Nilienda nyumbani, nikaketi, nikaufuta. Nikaandika mwingine kuhusu usafi wa mazingira, na vijana wanaookota takataka wakiimba. Mheshimiwa alipiga makofi akasema vijana wa siku hizi wana vipaji. Nilitabasamu, nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa laini sana.

Wahome Mutahi alikuwa mtu mzima na mimi nina miaka kumi na sita, na sitaki kujilinganisha. Lakini nilipofika kwenye zile kurasa tupu za daftari la Guka nilijiona. Yeye walimnyamazisha kwa maji na giza miezi kumi na mitano. Mimi nilinyamazishwa na orodha ambayo hakuna aliyenionyesha, kwa jioni moja. Mara ya kwanza nilipoandika makala haya niliiacha habari hiyo nje. Mara ya pili niliitia halafu nikasema ilimpata mtu mwingine. Sasa imo. Mwalimu mlezi ameisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniambia nisahihishe makosa ya sarufi katika ukurasa wa pili.

Kilichobaki ni kifupi. Desemba 2002 KANU ilishindwa, Moi akaondoka, Wakenya wakacheza barabarani. Mutahi aliyaona hayo. Mwezi Februari 2003 vile vyumba vya chini ya Nyayo House vikafunguliwa kwa umma, na waliofungwa humo wakaingia wakiwa huru. Mwezi uliofuata Mutahi aliingia hospitalini kwa upasuaji mdogo, wa kuondoa uvimbe. Alipoteza fahamu, na hakuzinduka. Nchi ilisubiri miezi minne. Gazeti lilikuwa likija na ukurasa wake hauna yeye, na safari hii watu waliulizana wazi wazi, matatuni na makanisani, kama Whispers ameamka. Alifariki tarehe 22 Julai 2003, kabla ya kutimiza miaka hamsini. Wachapishaji wa vitabu nchini walianzisha tuzo ya fasihi kwa jina lake, na vitabu vya Kiswahili navyo hushindania tuzo hiyo. Ile hoja ya Kiingereza, mwalimu wangu, naona imekwisha.

Daftari la nne la Guka linaishia na kipande cha gazeti chenye picha ya Mutahi, upara wake unang'aa, anacheka. Kurasa zilizobaki Guka alizitumia kuandikia hesabu ya maziwa.